Muulize muuzaji: chombo hiki kimechomwa moto gani?

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na wanunuzi wa vyombo vya udongo, na zaidi na wafinyanzi wenzetu.

Vyombo hivi vimerudi mezani. Mikahawa inaagiza vikombe vilivyofinyangwa kwa mkono, maharusi wanatunzwa bakuli za udongo, na kwenye meza moja ya maonyesho utakuta chungu cha kupikia, mtungi, kikombe chenye glezi (tabaka la kioo juu ya udongo) na jagi lililopakwa vanishi, vyote vimeandikwa "udongo asilia". Ukimuuliza muuzaji vimechomwa moto wa kiasi gani, anakutazama kama umemuuliza umri wa mama yake. Ilhali hilo ndilo swali lenyewe. Udongo waweza kuwa mmoja, lakini moto ndio unaoamua kama chombo kitakaa jikoni, mezani au dirishani.

Tuanze na chungu, maana ndicho kinachosingiziwa mengi. Vyungu vya asili, kama vile ambavyo akina mama wa Kikisi wa Ikombe huvisafirisha kwa mtumbwi Ziwa Nyasa kwenda kuviuza Matema, huchomwa wazi, bila tanuri. Moto wa aina hiyo hupanda kwa kasi na mara nyingi huishia kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi. Hapo udongo umeshakoma kurudi kuwa tope, lakini haujafungamana; ndani ya ukuta wake mna vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Isitoshe, wafinyanzi wa vyungu huchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyopondwa. Vitundu na chenga hizo ndizo zinazokiokoa chungu juu ya mafiga: ufa mdogo ukianza kwa sababu upande mmoja umepata joto kuliko mwingine, hukwama kwenye chenga ya kwanza unayokutana nayo.

Kikombe cha tanuri kina hadithi nyingine. Kimechomwa nyuzi 1,230 hivi, kimefungamana kama jiwe, na kwa sababu hiyohiyo ukikiweka juu ya jiko la gesi kitapasuka kabla maji hayajachemka. Wapo wanunuzi wanaorudisha bakuli lililopasuka jikoni wakidai ni bovu. Si bovu, lilipewa kazi isiyo yake, na muuzaji hakuwaambia.

Mtungi nao hupoza maji kwa sababu unavuja, ila kidogo sana. Maji hupenya ukutani, hutokea nje, huvukizwa, na yakivukizwa huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi hupoza vizuri zaidi Dodoma, kwenye hewa kavu, kuliko Tanga. Siku hizi inauzwa mitungi iliyopakwa rangi ya mafuta nje kwa ajili ya urembo. Hiyo imegeuzwa ndoo.

Chungu kipya kilowekwe usiku mzima, kisha kipikiwe uji mwepesi wa mahindi au maji ya mchele kwa moto mdogo muda wa saa moja, na kiachwe kipoe na uji wake ndani. Wanga huingia kwenye vitundu na kuviziba. Kisioshwe kwa sabuni, maana ukuta utainywa na kesho utailamba kwenye mchuzi. Wala kisimiminiwe maji ya baridi kikiwa cha moto.

Chombo kinachong'aa kwa vanishi, rangi ya mafuta au rangi ya kupulizia hakifai kwa chakula. Kukitambua si kazi: kwaruza kwa ncha ya kisu pembeni mwa kitako. Vanishi hubanduka kama ganda. Glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo, kwa hiyo kisu hakiifanyi kitu.

Tusieleweke kwamba tunasema glezi ndiyo maendeleo na udongo mtupu ni ushamba. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye leo ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani, hatumii glezi, wala vyombo vyake vilivyompa jina havitoki kwenye gurudumu. Hujenga ukuta kwa mikono, hukwangua, husugua uso mpaka ung'ae wenyewe, kisha huchoma. Moto wenye hewa ya kutosha humpa rangi ya chungwa iliyoiva. Akitaka cheusi hukichoma tena kikiwa kimefungiwa na vitu vya kutoa moshi, kikinyimwa hewa. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja ya zamani, mji ambao leo ni Suleja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wa huko, Ladi Kwali akiwa mmojawao. Kwa hiyo kijana anayeona aibu kuingia kwa bibi yake kujifunza kusugua chungu kwa kokoto ajue anapita kando ya darasa.

Sasa kikombe. Watu hulalamikia bei yake, nasi hatuna budi kueleza kinachofanyika kabla hakijafika mezani.

Udongo wa tanuri la joto kubwa hauchimbwi tu ukawa tayari. Tunaulizwa mara nyingi kwa nini tununue udongo wa nje wakati Pugu, pembeni tu ya Dar es Salaam, kuna kaolini, udongo mweupe wa kauri, tele. Kaolini ya Pugu ni nyeupe na nzuri, lakini kaolini peke yake hainyumbuki vya kutosha kwenye gurudumu, na ni sugu kwa moto kiasi kwamba kwa nyuzi 1,230 hubaki ya unga. Inahitaji udongo mwingine wenye mnato, felspa ya kuyeyusha na kwatzi ya kuupa mifupa, vyote vichekechwe, vilowekwe na vilale wiki kadhaa. Mwenye kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu hapa kwetu atapata wateja. Udongo wa kuagiza ndio unaokula faida yetu.

Kikombe cha mililita 300 hutaka gramu 400 hivi za udongo, mkono wake kando. Hapa ndipo wanaoanza hukosea hesabu. Udongo wetu hupungua asilimia 12 toka ubichi hadi moto wa mwisho. Mtu husikia 12 akaongeza kidogo tu. Lakini kikombe hupungua urefu, upana na kina kwa pamoja, na ujazo huporomoka karibu theluthi moja. Ili upate mililita 300 mezani, kikombe kibichi lazima kichukue 440. Cha urefu wa sentimita 11 kwenye gurudumu kitatoka tanurini na 9.7. Mkahawa ukiagiza vikombe 60 vya ujazo fulani, pima maji kwenye kile cha kwanza kabla hujavifinyanga 59 vingine.

Nyufa nyingi zinazoonekana baada ya moto zilizaliwa siku ya kwanza. Ufa uliopinda kama herufi S katikati ya kitako hutokana na sakafu ya kikombe isiyoshindiliwa. Kuta ulizivuta juu, ukazibana kwa vidole. Sakafu haikubanwa, kwa hiyo hupungua zaidi. Pitisha kidole au kibao toka pembeni kwenda katikati mara 3 au 4, na usiache kidimbwi cha maji chini. Ufa kwenye mzizi wa mkono wa kikombe sababu yake ni nyingine: mkono ulikuwa mbichi na kikombe kimeshakauka, au kinyume chake. Vyote viwili viwe katika ukavu mmoja, ule ambao kidole hakinati lakini ukucha bado unaingia. Chanja pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo uleule, bana, kisha funika kwa nailoni siku 2 ili unyevu ulingane. Baada ya hapo kikauke taratibu siku 4 au 5 mbali na upepo. Feni ya dari imepinda sahani nyingi kuliko mikono mibovu.

Kuna imani kwamba chombo hulipuka tanurini kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani ya udongo. Kinacholipua ni maji. Mililita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya karibu mililita 1,700, na ukuta mzito hauna pa kuutolea kwa haraka. Udongo ulio mkavu kabisa huvumilia kitundu cha hewa bila neno. Kwa hiyo gusisha chombo shavuni mwako: ukihisi ubaridi, bado kina maji. Kikombe huchomwa mara mbili, kwanza bila glezi, kisha kikiwa na glezi. Moto wa kwanza uanzie polepole, usimame chini kidogo ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa kwa vyombo vinene, kisha upande nyuzi 100 kwa saa mpaka 600. Katikati ya safari hiyo udongo hutoa maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na kwenye 573 kwatzi hubadili umbo na kuvimba ghafla. Ukishapita hapo unaweza kuharakisha hadi 1,000. Kwenye 573 hiyohiyo vyombo hupita tena wakati wa kupoa, na hata baada ya hapo wenye papara hupoteza sahani: mlango unafunguliwa kwenye 250 "kuchungulia tu", na saa moja baadaye unasikia mlio wa chombo kikiachana. Tanuri lifunguliwe chini ya nyuzi 100.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Ukikatika kwenye moto wa kwanza hakuna hasara kubwa. Ukirudi, endelea toka joto lilipo. Kwenye moto wa glezi pia unaweza kuendelea, ila usiiamini saa wala kipimajoto peke yake, kwa kuwa kinachoivisha chombo ni joto na muda kwa pamoja, kama maharage. Ndiyo kazi ya koni, zile pembe ndogo za udongo uliopimwa ambazo Hermann Seger alizitengeneza Berlin mwaka 1886 na ambazo bado hazijapitwa. Weka koni tatu mbele ya tundu la kuchungulia: moja laini kuliko shabaha, ya pili shabaha yenyewe, ya tatu ngumu zaidi. Ya kati ikiinama ncha yake ikagusa chini, na ya tatu bado imesimama, zima. Usichungulie bila miwani ya kukinga macho.

Glezi ndiko kwenye siri nyingi zisizo na maana. Viungo vyake vya msingi ni vitatu: silika (ndiyo iliyomo kwenye kwatzi) inayotengeneza kioo, alumina inayokizuia kisitiririke, na kiyeyusho. Iko kanuni inayojulikana kwa wafinyanzi wa nchi nyingi, ya 4-3-2-1: felspa 40, kwatzi 30, kaboneti ya kalsiamu 20, kaolini 10. Ni glezi angavu, imara, haina sumu. Lakini ni ya nyuzi karibu 1,300. Mtu akiiokota mtandaoni akaichoma 1,230 atapata uso mkavu mweupe kama chaki, kisha atalaumu felspa. Kwa moto huo mdogo zaidi unahitaji friti, yaani kioo kilichoyeyushwa kikasagwa, yenye boroni. Na magadi, je? Ni kiyeyusho kikali kweli, lakini huyeyuka majini: glezi ikikauka, maji huyahamishia kwenye ukingo wa kikombe, na huko ndiko glezi itakakochemka na kutoa malengelenge.

Pima uzito wa glezi kabla ya kuchovya. Mililita 100 ziwe gramu 140 hadi 150. Chovya sekunde 3, futa kitako na milimita 3 juu yake kwa sponji, la sivyo kikombe kitaungana na rafu ya tanuri milele. Glezi ikijikunja na kuacha vipara, tafuta vumbi au mafuta ya mikono, au ilipakwa nene mno. Ikitoka na mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele, maana yake inasinyaa kuliko udongo ulio chini yake. Ongeza kwatzi, asilimia 5 kwa 5, ujaribu. Wengine huziita nyufa hizo pambo, na kwenye chombo cha maua ni pambo kweli. Kwenye bakuli la mchuzi ni makazi ya mabaki ya chakula. Kibaya zaidi ni kinyume chake, glezi inayobanduka vipande vikali ukingoni. Chombo hicho kivunjwe, kisipunguzwe bei.

Sasa yale ya sumu, na hapa hatutaki utani. Glezi yenye madini ya risasi huyeyuka kwa moto mdogo, hung'aa sana, ndiyo sababu ilipendwa karne nyingi. Pia huiachia risasi kwenye limau, siki, ukwaju, achari na juisi. Rangi nyekundu na za chungwa kali zinaweza kuwa na kadimiamu. Jaribio la nyumbani ni kuweka kipande cha limau juu ya glezi usiku kucha; asubuhi ukiona pamebadilika rangi au pamefifia, glezi hiyo ni dhaifu. Ila limau halioneshi risasi. Kinachoonesha ni maabara: chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 6486 chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, huachwa saa 24 katika nyuzi 22, kisha hupimwa risasi na kadimiamu zilizotoka. Mfinyanzi asiyejua kilichomo kwenye ndoo yake ya glezi asiipake ndani ya kikombe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni; sisi tunaona ni utaratibu mzuri. Glezi mpya ikae kwanza miezi michache kwenye vikombe vya nyumbani kwa fundi mwenyewe.

Mnunuzi naye anaweza kupima kama kikombe kimeiva. Kipime uzito kikiwa kikavu, kichemshe majini saa 5, kiache humo mpaka kesho yake, kifute, kipime tena. Cha gramu 350 kikifika 357 kimenywa asilimia 2, si haba. Kikifika 380 bado ni ndugu wa mtungi: kitatoa jasho mezani, kitawaka moto mkononi ukikitoa kwenye maikrowevu, na baada ya wiki kadhaa glezi yake itaanza kupasuka nywele kwa sababu udongo unakunywa unyevu na kuvimba.

Kuhusu bei tutasema machache. Tanuri dogo la umeme la vikombe 60 hula uniti 100 hivi kwa mioto yote miwili. Hiyo si gharama kubwa. Gharama, ukiacha udongo wa kuagiza, ni mikono: kila kikombe hushikwa zaidi ya mara 10, na katika 60 ni busara kuhesabu 6 kuwa vimekufa kabla hujaanza. Bei isiyobeba wafu hao huua karakana ndani ya mwaka.

Tanuri ni ghali, kwa hiyo wengi tunachangia. Ni desturi nzuri, na imevunja urafiki mwingi. Mtu huleta sanamu ya udongo mwekundu wa bondeni, imekauka vizuri, haina shida kwa macho; ikiingia kwenye moto wa 1,230 huvimba, humeza vikombe vya jirani na kumwagika juu ya rafu mbili. Kwa hiyo mwenye tanuri adai mambo mawili kabla hajapokea kazi ya mtu: jina la udongo na joto lake, na kipande cha majaribio kikubwa kama kidole kilichochomwa juu ya kisahani cha udongo sugu. Rafu zipakwe kaolini na alumina hidrati, nusu kwa nusu. Kila chombo chenye glezi ngeni kikae juu ya kisahani chake. Na karakana ya watu wengi isifagiliwe kavu. Vumbi la silika huingia mapafuni na halitoki. Futa kwa sponji na maji, vaa barakoa unapochanganya unga.

Tunapendekeza kwa wenzetu wote: kila chombo kiuzwe na kikaratasi chenye mistari mitatu. Kimechomwa nyuzi ngapi. Kimepakwa nini ndani. Kiende jikoni, mezani au kwenye pambo tu. Muuzaji asiye na jibu la mstari wa pili akiandike pambo.

Wafinyanzi,
Dar es Salaam